Skana imeniletea maonyo 347 kwenye msimbo wa C. Nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Huu ni mwezi wa nne tangu niajiriwe kwenye kampuni ndogo inayofunga mita za maji za malipo ya kabla. Programu inayokaa kwenye seva na kupokea taarifa za mita imeandikwa kwa C, mistari kama 11,000, na aliyeiandika ameshaondoka. Bosi anataka niikague usalama kabla mteja mpya hajatia sahihi. Nimeiskani kwa Flawfinder, nikapata maonyo 347. Nimechoka kabla sijaanza. Je, nibadilishe strcpy zote ziwe strncpy? Na kuna namna ya kuyamaliza maonyo yote ili ripoti itoke safi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hayo maswali mawili ya mwisho, maana majibu yake ni mafupi: hapana, na hapana. Sababu ndizo ndefu.

Flawfinder ni msomaji wa maneno. David A. Wheeler aliitoa mwaka 2001, kaiandika kwa Python, na moyo wake ni orodha ya fankisheni za C zenye historia mbaya. Inapita kwenye faili zako, na kila inapokutana na jina lililomo kwenye orodha inaandika onyo na kulipangia daraja la hatari, kuanzia 0 hadi 5. Basi. Haijui bafa yako, yaani nafasi ya kumbukumbu uliyoitenga, ina baiti ngapi kweli, haijui ujumbe umetoka wapi, haifuati data inavyosafiri kutoka fankisheni moja kwenda nyingine. Ndiyo maana inamaliza mistari 11,000 kabla hujainua kikombe cha chai, na ndiyo maana inausoma hata msimbo ambao kompaila imeukataa. Kaangalie mwisho wa ripoti yako. Yenyewe inakiri kwamba si kila onyo ni udhaifu wa usalama, na kwamba huenda upo udhaifu mwingine ambao haikuuona. Wengi hawaisomi sentensi hiyo. Wanaangalia jumla, wanashika kichwa.

Kwa hiyo 347 si idadi ya matundu. Chukulia mlinzi wa getini aliyeambiwa kwamba mwizi anaitwa Juma. Atawasimamisha akina Juma wote wa mtaa, na mwizi akijitambulisha kwa jina la Hamisi anapita na begi lake. Ukilikumbuka hilo utajua jinsi ya kuitumia ripoti, na pia utajua kwa nini huwezi kuishia hapo.

Tuangalie strcpy kwa karibu, kwa kuwa ndiyo iliyokutisha. Kazi yake ni kunakili stringi, yaani mfuatano wa herufi, bila kupima nafasi; strncpy ni ndugu yake anayepewa kikomo cha herufi.

    char hali[8];
    strcpy(hali, "SAWA");

    char namba[12];
    strcpy(namba, ujumbe);

Zote mbili ni strcpy. Ya kwanza inanakili herufi nne na baiti moja ya sifuri inayofunga stringi, jumla tano, kwenye nafasi ya nane. Haiwezi kumwagika hata mita zote za mji zikipiga simu kwa pamoja. Flawfinder yenyewe ikiona chanzo ni stringi iliyoandikwa palepale hulishusha daraja la onyo. Ya pili ndiyo ya kukaa nayo: ujumbe umetoka wapi, na nani ameamua urefu wake? Kama umetoka kwenye mtandao, aliyeamua ni yeyote mwenye kompyuta na anwani ya seva yako.

Sasa chukua dawa uliyopendekeza:

    strncpy(namba, ujumbe, sizeof(namba));
    printf("%s\n", namba);

Ujumbe ukiwa na herufi 12 au zaidi, strncpy inajaza nafasi zote 12 na haiweki baiti ya sifuri mwishoni. Printf inaanza kusoma, inafika mwisho wa bafa, haioni pa kusimama, inaendelea kusoma kumbukumbu ya jirani. Umetoka kwenye kuandika nje ya mipaka ukaingia kwenye kusoma nje ya mipaka. Na kuna mtego wa pili nimeukuta mara nyingi: namba ikiwa imeletwa ndani ya fankisheni kama hoja, sizeof haikupi 12. Inakupa ukubwa wa pointa (anwani tu ya kumbukumbu), yaani 8 kwenye mashine ya biti 64. Isitoshe, strncpy nayo imo kwenye orodha ya Flawfinder, kwa daraja la 1. Ungebadilisha zote usiku kucha, na asubuhi jumla ingebaki ileile.

Ninayoitumia mimi ni hii:

    int k = snprintf(namba, sizeof namba, "%s", ujumbe);
    if (k < 0 || (size_t)k >= sizeof namba)
        return -1;

Mstari wa pili ndio wenye maana kuliko wa kwanza. Snprintf hukurudishia urefu ambao ingeuandika kama nafasi ingetosha, kwa hiyo ukiona k imefika ukubwa wa bafa ujue stringi imekatwa. Watu wengi hufurahi kwamba kumbukumbu haikumwagika, wakaacha kuuliza kilichokatwa ni nini. Kwako wewe kilichokatwa ni tarakimu ya mwisho ya namba ya mita. Namba iliyokatwa inaweza kulingana na mita ya mtu mwingine, na pesa ya mama wa watu ikaishia kwa jirani. Ukataaji wa wazi ni bora: ujumbe mrefu kuliko ulivyokubaliwa, rudisha kosa, andika kwenye logi, endelea. (Ukisikia habari za strlcpy, fankisheni nyingine ya kunakili, ilizaliwa kwenye mfumo wa OpenBSD mwaka 1998, na glibc, maktaba ya C ya Linux, iliikubali mwaka 2023 tu, toleo la 2.38. Ni nzuri, lakini swali la kukatwa linabaki palepale.)

Basi unaanzia wapi? Acha kwanza maonyo, tafuta milango. Kila mahali data ya nje inapoingia: recv, read, fgets, getenv, hoja za amri, hata majibu ya hifadhidata kama kuna mfumo mwingine unaoandika humo. Flawfinder ina chaguo la kazi hiyohiyo ambalo watu hawalijui:

    flawfinder --inputs src/

Hilo huonyesha fankisheni zinazopokea vitu kutoka nje tu. Chukua karatasi, ya kawaida kabisa, andika kila mlango, faili na mstari. Programu kama yako nadhani haitazidi milango kumi. Kisha ndiyo uendeshe:

    flawfinder --minlevel=4 src/

na maonyo yatakayobaki uyasome moja moja ukiwa na ile karatasi pembeni. Kila onyo linapata swali moja: je, kuna njia ya kutoka kwenye mlango wowote hadi hapa? Sehemu kubwa ya 347 zako, nakuhakikishia, ni matangazo ya kawaida ya char fulani[100] yanayopewa daraja la 2, na strlen za daraja la 1. Hizo zitangoja.

Ukikuta gets, hiyo haihitaji karatasi. Itoe leo. Gets haina pa kuambiwa ukubwa wa bafa, kwa hiyo hakuna namna ya kuitumia kwa usalama. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Robert Morris, yaani programu inayojisambaza yenyewe, uliingia kwenye kompyuta nyingi za chuo na za serikali kule Marekani, na mojawapo ya njia zake ilikuwa huduma ya fingerd iliyosoma kwa gets kwenye bafa ya baiti 512. Mnyoo ulituma 536. Hizo 24 za ziada zilitosha. Kiwango cha C cha mwaka 2011 kiliifuta kabisa, lakini kwenye msimbo wa zamani bado ninaiona.

Viwili vingine vya daraja la 4 ambavyo kwenye seva kama yako nina uhakika vitatokea. Cha kwanza ni logi:

    syslog(LOG_INFO, ujumbe);

Hapa ujumbe wa mita umegeuzwa kuwa stringi ya umbizo, yaani maelekezo ya nini kichapwe na vipi. Mtu akituma %x mara kadhaa, logi yako inaanza kuandika yaliyomo kwenye staki, kumbukumbu ya muda ya fankisheni; akituma %n, anaweza kuandika kwenye kumbukumbu. Dawa ni herufi chache tu, syslog(LOG_INFO, "%s", ujumbe), na umemaliza. Cha pili ni system:

    snprintf(amri, sizeof amri, "/usr/bin/tuma-sms %s", simu);
    system(amri);

Angalia vizuri: snprintf imetumiwa ipasavyo, bafa haiwezi kumwagika, na bado huu ndio mstari hatari kuliko yote niliyoandika hadi sasa. Simu ikija na nukta-mkato na amri nyingine nyuma yake, shell, ile programu inayosoma na kuendesha amri, itazitekeleza zote mbili bila kuuliza. Hapa tatizo si urefu hata kidogo. Achana na shell. Tumia posix_spawn au execve, ambapo kila hoja inakaa kwenye nafasi yake na nukta-mkato inabaki kuwa nukta-mkato. Na pia kagua kwamba simu ni tarakimu tupu, maana namba ya simu haina sababu ya kuwa na kitu kingine.

Sasa nije kwa Hamisi, yule anayepita getini.

Unaikumbuka Heartbleed? Ilitangazwa tarehe 7 Aprili 2014, ikiwa imekaa ndani ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandao, tangu toleo la 1.0.1 lililotoka Machi 2012. Neel Mehta wa Google aliigundua, na wahandisi wa Codenomicon ya Finland wakaigundua kivyao. Kiini chake ni mistari miwili:

    n2s(p, payload);
    memcpy(bp, pl, payload);

Mstari wa kwanza unasoma kutoka kwenye ujumbe wa mteja namba ya biti 16 inayosema "nimekuletea baiti kadhaa". Wa pili unanakili baiti hizo ili kumrudishia. Mteja akisema amekuletea 65,535 na kumbe ameleta moja, seva inanakili ile moja pamoja na chochote kilichokuwa jirani yake kwenye kumbukumbu: nywila, vidakuzi, hata funguo za siri. Inavipakia na kumtumia. Hadi kilobaiti 64 kwa kila ombi, na anaweza kuomba tena na tena bila kuacha alama kwenye logi.

Flawfinder huipa memcpy daraja la 2. Kwa hiyo, kwa kusema kweli, ingeonya hapo. Ingeonya pia kwenye kila memcpy nyingine ya OpenSSL, na onyo la maana lingezama kwenye rundo. Skana zenye akili zaidi, zinazofuata data hatua kwa hatua, nazo zilipita pale bila kusema kitu. Baada ya tukio, watu wa Coverity walieleza jinsi walivyoifundisha yao: namba yoyote inayogeuzwa mpangilio wa baiti, kama n2s inavyofanya, ichukuliwe kuwa imetoka mtandaoni na haiaminiki mpaka ipimwe. Wazo rahisi mno ukishalisikia.

Mita zako nazo zinatuma urefu ndani ya pakiti, karibu itifaki zote ndogo hufanya hivyo. Katafute mahali panapofanana na hapa, na pawe namna hii:

    unsigned char pakiti[256];
    ssize_t n = recv(fd, pakiti, sizeof pakiti, 0);
    if (n < 3) return -1;
    size_t urefu = pakiti[2];
    if (urefu > (size_t)n - 3) return -1;
    if (urefu > sizeof data) return -1;
    memcpy(data, pakiti + 3, urefu);

Vipimo ni viwili, na wengi hukumbuka kimoja. Kile cha mwisho kinalinda kunakopelekwa: je, data ina nafasi ya kutosha? Kile cha katikati kinalinda kunakotoka: je, kweli nimepokea baiti hizo? Heartbleed ilikosa cha katikati. Na ule ukaguzi wa n < 3 haupo kwa mapambo. Recv ikishindwa hurudisha -1, na ukiitoa 3 kisha ukaigeuza kuwa size_t, aina ya namba isiyo na hasi, unapata namba kubwa ajabu, ambayo kila urefu utaonekana mdogo mbele yake.

Jambo moja dogo lililonipotezea wikendi nzima enzi hizo: andika unsigned char, usiandike char tupu. GCC kwenye kompyuta za x86 huichukulia char kuwa na hasi na chanya, lakini kwenye Linux ya ARM huichukulia kuwa chanya tu. Baiti yenye thamani 200 kwenye laptopu yako inakuwa -56, na ikiingia kwenye size_t inakuwa dude. Kwenye bodi ndogo ya ARM kule kwenye pampu inabaki 200 na kila kitu kinafanya kazi. Mtabishana mchana kutwa na mwenzako wa upande wa mita, kila mmoja akisema kwake hakuna tatizo, na wote mko sahihi.

Ukishamaliza kuandika hivyo, endesha tena Flawfinder. Bado itaipa memcpy ileile onyo, daraja la 2, kama mwanzo. Msimbo umekuwa salama na ripoti haijabadilika hata herufi. Hilo linajibu swali lako la ripoti safi kuliko maelezo yangu yoyote.

Lakini kuna kisa ambacho lazima nikupe, kwa sababu hamu ya kunyamazisha zana imewahi kuleta maafa makubwa kuliko kuipuuza. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL upande wa Debian, mfumo wa aina ya Linux, alikuwa akisumbuliwa na maonyo ya Valgrind na Purify, zana zinazokagua matumizi ya kumbukumbu: programu inasoma kumbukumbu ambayo haijaandikwa kitu. Onyo lilikuwa la kweli kwa maana ya herufi zake. Akaiondoa mistari iliyolalamikiwa, zana zikanyamaza. Mmojawapo wa mistari hiyo ndio uliokuwa unaingiza unasibu kwenye kizalishaji cha namba nasibu, ambazo funguo za siri hutengenezwa kwazo. Tangu hapo kitu pekee kilichotofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato, ambayo ina uwezekano 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo. Mtu angeweza kuzitengeneza zote na kuziweka mfukoni kwenye flashi. Luciano Bello aligundua, Debian wakatangaza tarehe 13 Mei 2008, na wasimamizi wa mifumo ya Debian na Ubuntu wakakesha wakitengeneza funguo upya. Karibu miaka miwili ya ripoti safi.

Kwa hiyo onyo usiloelewa usilifute. Liandike kwenye karatasi, liwe deni.

Yale uliyoyasoma na kuridhika nayo yana njia yake. Unaweza kuweka maelezo mwishoni mwa mstari, hivi:

    /* urefu umepimwa dhidi ya n na dhidi ya sizeof data hapo juu */
    memcpy(data, pakiti + 3, urefu); /* Flawfinder: ignore */

Mimi siipendi sana. Mwakani mtu akija akaondoa kile kipimo cha juu, zana itabaki kimya kwa sababu wewe uliiambia inyamaze. Kama utaitumia, kila baada ya muda endesha kwa --neverignore uone yaliyofunikwa. Ninachopendelea ni kuhifadhi hali ya leo na kuonyeshwa yanayoongezeka tu:

    flawfinder --savehitlist=leo.hits src/
    flawfinder --diffhitlist=leo.hits src/

Amri ya pili unaiendesha kila msimbo unapobadilika. Ukiona onyo jipya moja badala ya 347, utalisoma. (Faili hilo la hits usilipokee kwa mtu usiyemwamini. Limehifadhiwa kwa pickle, umbizo la Python la kuhifadhi data, na kulifungua kunaweza kuendesha msimbo. Skana ya usalama kuwa mlango wa mdukuzi ingekuwa kichekesho.)

Sasa zana nyingine, kwa haraka. Ya kwanza unayo tayari, nayo ni kompaila. Kompaili kwa -O2 -Wall -Wextra -Wformat=2 -Wconversion, uone. Lile kosa la syslog litatajwa kwa jina. Ongeza -D_FORTIFY_SOURCE=2 ili vipimo vya ziada viwekwe kwenye programu yenyewe inapofanya kazi. Ikiwa GCC yako ni ya 10 kwenda mbele, yaani ya 2020 na baada ya hapo, jaribu -fanalyzer. Hii inafuata njia za programu na kukuchorea hatua kwa hatua jinsi pointa ilivyoachiliwa mara mbili au ilivyotumika baada ya kuachiliwa. Ni nzito kidogo. Cppcheck ni nyepesi na haina kelele nyingi. Clang nayo ina scan-build, unaitanguliza tu mbele ya make. Usizitumie zote siku moja, utarudi kwenye ile hali ya kushika kichwa.

Kisha kuna zana ambazo hazisomi msimbo, zinaukimbiza. Hizi ndizo zilizonifunza unyenyekevu. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua programu ya kampuni moja iliyokuwa ikipokea taarifa za magari ya mizigo. Flawfinder, Cppcheck na kompaila zote zilinyamaza kwenye faili la kuchambua pakiti, nami nikawa nimeshaanza kuandika ripoti ya pongezi. Kabla ya kulala nikaliwashia fazingi, yaani programu inayotunga pakiti mbovu kwa maelfu na kuzirusha. Nikaenda kula. Niliporudi imeshaanguka, na pakiti iliyoiangusha ilikuwa na baiti tatu tu, urefu uliotajwa ndani yake ukiwa 0. Mwandishi alikuwa anatoa 1 kwenye urefu ili kuiruka baiti ya mwisho ya ukaguzi. Sifuri kutoa moja, kwenye namba isiyo na hasi, inakupa namba kubwa kuliko zote zinazoweza kukaa humo. Na kwa nini Flawfinder haikusema? Kunakili kulifanywa kwa kitanzi cha for kilichoandikwa kwa mkono. Hakukuwa na jina la kutilia shaka. Ndiye Hamisi huyo.

Kwako hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Tenganisha fankisheni inayochambua pakiti na ile inayoita recv, ili ya kwanza ipokee baiti na urefu tu. Kisha andika faili dogo:

    int LLVMFuzzerTestOneInput(const uint8_t *d, size_t n) {
        soma_pakiti(d, n);
        return 0;
    }

Likompaili kwa clang -g -fsanitize=fuzzer,address, lipe folda yenye pakiti halisi tano au sita za kuanzia, uliache usiku kucha. Ile address ni AddressSanitizer ya watu wa Google, nayo inaua programu papo hapo inapogusa baiti moja nje ya mipaka na kukuonyesha mstari. Inapunguza kasi karibu mara mbili, kwa hiyo ni ya majaribio, usiipeleke kwenye seva ya wateja.

Kwa bosi, usimpelekee 347. Namba hiyo itamtisha kwanza, halafu mtu akimweleza kwamba nyingi si kitu, hatakusikiliza tena hata ukileta moja ya kweli. Mpelekee milango uliyoikuta, yaliyorekebishwa kwenye kila mlango, na yaliyobaki pamoja na siku unazohitaji. Kurasa mbili zinatosha.

Kuna swali moja ambalo sijaona ukilitaja, na hakuna skana ya C itakayokuuliza. Mita ikituma taarifa kwamba imelipiwa, seva yako inajuaje kwamba aliyetuma ni mita? Kama jibu ni kwamba pakiti ina namba ya mita na baiti ya ukaguzi, basi mtu yeyote mwenye kuijua anwani anaweza kuitunga, na kila memcpy yako itainakili kwa usalama kamili. Tafuta pia nywila zilizoandikwa ndani ya msimbo kwa grep ya kawaida, na usisahau historia ya git, kwa sababu aliyeondoka huenda alizifuta juzi zikabaki kule nyuma. Niandikie ukishapata orodha ya milango na muundo wa pakiti, ila namba za mita za wateja zifute kwanza.